Mbuzi wa Mahari Waliokuja kwa Simu

Baba ana sauti mbili. Ya kwanza ni ya kuombea chakula, nayo haivuki meza. Ya pili ni ya baraza, na hiyo ikitoka, hata nyani wa msituni hapa Kibugu hunyamaza wasikilize. Ugonjwa wa midomo na miguu ulipoingia kwa ng'ombe wa vijiji vya chini, naibu wa chifu aliita watu uwanjani, na kwa kuwa Baba ndiye mwenyekiti wa Nyumba Kumi upande wetu, alipewa kipaza sauti. Kumpa Baba kipaza sauti ni kama kumwongezea jogoo spika.

Alisimama na koti lake la kanisani akatangaza sheria. Ukiona mnyama wako anatoa ute, ripoti. Akichechemea, ripoti. Akikataa majani ya nepia, ripoti. Usimwite shemeji yako kwanza aje aangalie, na tafadhali usimpake dawa ya meno. Hapo watu waligeuka wakamtazama mzee mmoja ambaye kweli alikuwa amempaka ndama wake dawa ya meno, na yule mzee akaangalia mlima kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Sheria haisemi mpaka uwe na uhakika," Baba akamalizia. "Inasema ukishuku tu. Na atakayeficha nitampeleka kwa chifu mimi mwenyewe, hata akiwa ni wa damu yangu."

Mimi nilikuwa nimefunga shule, kidato cha tatu, na sikuwa na kazi ya maana, kwa hivyo ile hotuba niliishika yote. Niliirudia jikoni nikiwa nimeshika mwiko. Niliirudia shambani kwa majani chai nikiwa juu ya kisiki. Paka alipochechemea kidogo baada ya kuruka kutoka kwa dari, nilimwambia nitampeleka kwa chifu hata kama ni wa damu yangu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Dada yangu mkubwa hakucheka, kwa sababu yeye wiki hiyo hakuwa na nafasi ya kucheka. Jumamosi ilikuwa ruracio yake.

Ruracio, kwa asiyejua, ni ile siku watu wa mwanamume wanapoleta mahari nyumbani kwa msichana. Hiyo yake ilikuwa imeshindikana mara mbili. Mara ya kwanza mvua ilikata barabara, na magari ya wageni yakaishia kulala tope kwenye mteremko wa mto. Mara ya pili msemaji wao, ambaye ni baba mdogo wa shemeji, yule mchumba wa Dada, aling'olewa jino siku ya kuamkia ruracio, na huwezi kwenda kwa wakwe na msemaji anayeongea kama amekula pamba. Wageni wenyewe hutoka Meru, huko karibu na uwanja wa Kinoru, na wazee wao walikuwa wameshatuma neno: safari hii ikikwama tena, watajua kuna kitu kinakataa hii ndoa, na hawatarudi kutafuta ni kitu gani. Dada alikuwa anajua hayo maneno kwa moyo. Alikuwa akipiga pasi leso moja, anamaliza, anaikunjua, anaipiga pasi tena.

Sasa ikafika Jumatano, nikaenda na Mama kukamua.

Ng'ombe wetu ni mmoja. Ni mkubwa, mweusi na mweupe, ana sura ya mwalimu mkuu anayekungoja useme ukweli. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama pembeni, hajagusa nepia, na mdomoni ute unaning'inia mpaka chini. Si ute wa kawaida. Ulikuwa mrefu, unametameta, unayumba ukipigwa na upepo. Mama akamsogeza aje kwenye mwanga. Akasogea akichechemea.

Mama aliweka ndoo chini polepole.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Nilikuwa bado sijafungua mdomo, lakini Mama ananijua. Nilikuwa naitafuta ile sauti ya baraza.

Mkutano ulifanyika jikoni, kando ya moto. Tulikuwa Baba, Mama, Dada, mimi, na Cucu, ambaye ni mama yake Baba na ndiye mwenye neno la mwisho kwa jambo lolote linalohusu mbuzi. Pia mjomba wangu alikuwepo. Alikuwa amekuja kusaidia kujenga hema la wageni, na tangu afike alikuwa amesaidia zaidi kumaliza viazi.

Dada ndiye aliyeanza. Alisema ni mate tu. Alisema kila mtu hutoa mate, hata Baba akilala kwenye kiti baada ya habari hutoa mate, na hakuna mtu amewahi kumfungia. Mjomba naye akaleta mpango. Mpango wake ulikuwa taulo. Mtu mmoja akae na ng'ombe, awe anampangusa mdomo mpaka Jumamosi jioni, wageni wakishaenda ndiyo tushuku. Akanitazama mimi. Nikasema nitafanya, lakini nataka sare.

Baba aliinuka. Alitoka nje tukamfuata. Akamzunguka ng'ombe upande huu, akarudi upande ule. Nilikuwa namwona anapigana na ile hotuba yake. Unajua mtu anapokuwa na chakula moto mdomoni, kutema ni aibu na kumeza hawezi? Alikuwa hivyo.

Kilichoamua ni mtamba wa jirani. Jirani yetu ni mama mjane, ana mtamba mmoja tu ambaye amemlea kwa chupa, na ua kati yetu ni wa mimea na matundu. Huyo mtamba hupenda kupitisha kichwa kwenye tundu amlambe ng'ombe wetu shingo. Asubuhi hiyo alikuja kama kawaida, akapitisha kichwa, akatoa ulimi. Baba alikimbia. Sijawahi kumwona Baba akikimbia, sikujua hata kama magoti yake yanajua hiyo kazi. Akamrudisha mtamba nyuma kwa viganja viwili kwenye pua, akaziba tundu na mgongo wake, akabaki hapo amekaa kwenye ua kama gunia.

"Leteni matawi tuzibe hapa," akasema. Kisha akamwangalia Dada. "Mama, nitaripoti."

Humwita Dada "mama" kwa sababu amechukua jina la Cucu. Akimwita hivyo huwa ameshaamua. Dada aliingia ndani, na tukasikia pasi ikiwekwa kwa nguvu juu ya meza.

Sasa kulikuwa na utaratibu. Kwenye baraza Baba alikuwa amesema kwamba mwenye mnyama anaripoti kwanza kwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi, mwenyekiti anapeleka kwa naibu wa chifu, naibu anamwita daktari wa mifugo. Kwa hivyo Baba ilibidi aripoti kwa Baba. Mtu mwingine angeruka hiyo hatua. Baba si mtu mwingine. Aliingia ndani akavaa lile koti la kanisani, akatoka akasimama mlangoni, na mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji nikisikiliza, Mungu anisamehe. Alisafisha koo. Akasema kwa sauti ya kuombea chakula kwamba ana ng'ombe anayemshuku. Akageukia upande wa pili. Kisha kwa sauti ya baraza akasema amepokea, na kwamba amefanya vizuri kuleta habari mapema. Halafu ndiyo akapiga simu.

Nilipomsimulia Mama, alisema nisiseme uongo juu ya mzazi wangu. Lakini alikuwa amejifunika uso na aproni.

Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki kabla ya mchana, kijana mpole mwenye gambuti nyeupe, vile viatu virefu vya mpira. Alifungua mdomo wa ng'ombe akaangalia na tochi. Aliona mkwaruzo mwekundu juu ya ulimi. Akainua mguu akaona kwato imepasuka kidogo. Alisema malengelenge hayaoni, lakini kwa sababu vijiji vya chini vimeshapata ugonjwa, hawezi kusema ni ndiyo na hawezi kusema ni hapana. Akatoa damu ya kupeleka maabara. Halafu akatusomea sheria, na tofauti na Baba, yeye alisoma kama mtu anayeomba msamaha. Tangu sasa boma letu liko karantini mpaka majibu yatoke. Hakuna mnyama wa kwato mbili atakayetoka, hakuna atakayeingia. Maziwa hayaendi kwa dipo kuuzwa. Mtu yeyote akiingia au akitoka akanyage dawa getini.

Dada alisimama mbele yake na mikono kiunoni, akaanza kumhoji. Kuku je? Kuku hawana shida. Watu je? Watu waje, bora wakanyage dawa.

"Na mbuzi wa mahari?" akauliza.

Daktari akaangalia gambuti zake. "Mbuzi ana kwato mbili, dada yangu."

"Hata akija na mwenyewe? Hata akivaa soksi?"

"Hata akija na mchungaji wa kanisa."

Nikataka kuuliza kuhusu watu wenye vidole viwili, Mama akanikanyaga mguu kabla sijamaliza kupumua.

Siku hizo tulikunywa maziwa kama familia ya ndama. Hatungeweza kuyauza, na Mama hawezi kumwaga maziwa, kwa hivyo aliyachemsha yakachemka tena. Chai ilikuwa nyeupe mpaka ukiweka majani yanaona haya. Uji wa maziwa, viazi vya maziwa. Mjomba ndiye aliyeumia zaidi, tumbo lake lilikuwa likiunguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka, na bado alikuwa akisema kama wangemsikiliza habari ya taulo.

Alhamisi jioni ilikuwa zamu yangu ya kumpelekea ng'ombe maji. Aliponiona alinyoosha shingo, akafungua mdomo, akakohoa kikohozi kirefu cha mzee wa tumbaku, na kitu kikaruka kikanigonga kifuani. Nilipiga kelele nikijua nimekufa. Kikaanguka kwenye tope. Ilikuwa kokwa ya avokado. Ile avokado ya zamani, ya mti ulio nyuma ya choo, yenye kokwa kubwa kama yai la bata. Ng'ombe akajilamba pua, akanipita, akaanza kula nepia kama mtu aliyetoka kufunga.

Hapo nikakumbuka kwamba mjomba, akisafisha mahali pa hema, alikuwa amefagia avokado zilizoanguka na kuzitupa zizini. Na mguu? Mama alipoosha kwato vizuri alitoa kipande cha msumari, na misumari ya hema ilikuwa ya nani? Sitaki kumtaja mtu. Alikuwa jikoni akinywa maziwa.

Niliosha hiyo kokwa nikaipeleka mezani juu ya sahani. Dada aliinama akaikumbatia, kokwa, akaibusu kabisa. Akamwambia Baba apige simu mara moja. Baba akapiga, akaweka spika ili sote tusikie. Daktari alicheka sana, akatupa pole, akafurahi pamoja na sisi. Halafu akasema karantini bado iko.

"Lakini kokwa tunayo," Baba akasema.

"Naamini, mzee. Lakini damu imeshafika maabara. Siwezi kufungua boma kwa sababu ya kokwa. Mkubwa wangu akiniuliza nimepima nini, nitamwonyesha avokado?"

Simu ilipokatika Dada alimwangalia Baba. Mjomba alikohoa. Alisema, yeye anasema tu, kwamba barabara ya nyuma ya msitu haina geti, na mbuzi ni wanyama watulivu, na nani atajua. Sote tulijua ni nani atajua. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi alikuwa amekaa hapo na kikombe.

"Mama," Baba akamwambia Dada, na sauti yake haikuwa ya baraza wala ya chakula, ilikuwa ya tatu ambayo sikuijua. "Nikipitisha mbuzi nyuma, yule jirani akiuliza kwa nini nilimrudisha mtamba wake na mikono, nitamwambia nini?"

Dada alivuta sahani. Alichukua kokwa akaiweka dirishani. Baadaye nikamkuta nje ya jikoni akilia kwa ile njia ya watu wakubwa, ya kujifanya wanakata vitunguu, ila hakuwa na vitunguu. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na utani tayari nikaurudisha.

Usiku huo simu zilienda Kinoru na kurudi. Wageni walisema gari liko tayari, wazee wako tayari, asali iko, blanketi liko, mbuzi wako, sasa hiyo karantini ni ya nani? Baba akaeleza. Wakasema waje bila mbuzi. Hapo Cucu, aliyekuwa kimya tangu Jumatano, akaweka kijiko chini. Alisema hakuna ruracio bila mbuzi. Si kwamba anawataka sana. Ni kwamba mwenye nyumba lazima amwone mbuzi kwa macho, amwangalie pembe, amwangalie masikio, aseme huyu nimempokea na huyu arudi. Hiyo ndiyo kazi. Wengine wote wanakula tu. Kama hajaona, hajapokea. Kama hajapokea, hao ni wageni waliokuja kunywa chai, na Dada bado ni wa hapa.

Msemaji wao akasema basi itabidi wangoje. Na kule nyuma yake tukasikia mzee mwingine akinung'unika kwamba si aliwaambia, kuna kitu kinakataa.

Dada alimpokonya Baba simu mkononi.

"Cucu," akasema, "ukiwaona, utawapokea?"

"Nikiwaona."

"Haijalishi wako wapi?"

Cucu alifikiri. Ana jicho moja linalofikiri na lingine linalokuangalia wewe. "Macho yangu yakimfika, nimemwona," akasema.

Ndivyo ilivyoamuliwa kwamba mbuzi wabaki Kinoru na vijana wawili, wageni waje, na Cucu awaone kwa simu ya video. Mimi nilipewa cheo cha kushika simu, kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa na bando la intaneti.

Jumamosi wageni walifika mchana, na Baba akawapokea getini na beseni. Tuseme ukweli, haikuwa mapokezi ya kawaida. Wanawake wetu walikuwa upande mmoja wakiimba na kufunga mlango wa geti kama desturi, na upande mwingine Baba na koti lake, na gunia lililolowa dawa, anawaambia kila mmoja akanyage na viatu vyote viwili. Msemaji alikuwa amevaa viatu vipya vya ngozi laini, rangi ya kahawia. Alisalimia, "Muuga," kwa heshima kubwa, kisha akaangalia gunia, akaangalia viatu. Baba akamwambia pole lakini ndiyo sheria. Msemaji akakanyaga. Alipotoka upande huu, viatu vilikuwa na madoa meupe kama chui, na shangazi mmoja wa kwao akasema afadhali, sasa angalau vimefanana na yeye.

Baada ya mukimo na nyama ya kuku, maana tulikuwa tumebaki na wanyama wasio na kwato, wazee walikaa kwa hema. Dada na wasichana wengine walikuwa chumbani, kwa sababu bibi harusi haonekani kabla hajatafutwa. Mimi nikasimama mbele ya Cucu na simu nimeishika kwa mikono yote miwili. Nikapiga.

Kijana wa Kinoru alipokea, tukaona kwanza pua yake, halafu mbingu, halafu mbuzi.

Cucu alivuta miwani. Wa kwanza akamwangalia pembe, akasema sawa. Wa pili akataka ageuzwe, kijana akageuza simu, tukaona Kinoru yote kichwa chini. Mwingine akawa na tumbo kubwa, Cucu akauliza ana mimba au ni shibe, na wazee wote wakainama kwenye kioo kidogo kama madaktari. Wakakubaliana ni mimba. Halafu mtandao ukakwama, na mbuzi mmoja akabaki ametoa ulimi, hasogei, hapepesi. Mjomba aliendelea kumjadili muda mrefu, akamsifia utulivu, mpaka nikamwambia ameongea na picha.

Mtandao ulirudi. Dume mweusi akapita. Cucu akasema sawa. Dume mweusi mwingine akapita. Cucu akainua mkono.

"Huyo arudi nimwone."

Kijana akamrudisha. Cucu akasogeza uso mpaka miwani ikagonga kioo.

"Huyu nimeshamwona. Sikio lake la kushoto limekatwa ncha. Hata amechoka, amekimbia kuja kusimama tena."

Watu hemani waligeuka wakatazama simu. Kule Kinoru kijana alitazama kando kama mtu anayetafuta mwenzake amsaidie. Msemaji aligeuka kwa wazee wake, na kwa uso wake ungejua yeye mwenyewe hakujua. Mzee wao wa nyuma, yule wa kunung'unika, alianza kukusanya fimbo yake. Nikaikaza simu kwa mikono yote miwili, dume mweusi asije akaanguka.

Halafu sauti ikatoka chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa.

"Cucu, huyo ni pacha."

Ilikuwa sauti ya Dada. Hakuruhusiwa kuongea, lakini alikuwa ameongea. Watu walianza kucheka kidogo upande wa wanawake, wakijizuia. Cucu hakucheka. Alimwangalia msemaji.

Msemaji alisimama na viatu vyake vya chui. "Cucu, hakuna pacha," akasema. "Msichana wako anatutetea, Mungu ambariki. Ngoja niulize." Akainama kwenye simu akamwuliza kijana kwa Kimeru, maneno mafupi, na jibu likaja refu sana na la aibu. Akatueleza. Asubuhi dume mmoja alikata kamba, akashuka mpaka soko la Gakoromone, akaingia kwenye kabichi za mama mmoja. Yule mama amemfunga kwenye meza yake na amesema hatoki mpaka mtu mzima aje, si watoto. Vijana waliogopa kusema. "Dume yuko," akamaliza. "Ila naye yuko karantini, ya kabichi."

Cucu alitikisika. Ilianza tumboni ikapanda mpaka miwani ikadondoka. Nilikuwa sijawahi kuona Cucu akicheka mbele ya wakwe. Alipopumua alisema kwa kuwa wamesema ukweli, amewapokea wote, na yule wa Gakoromone amempokea pia bila kumwona, ila atakuja na mwenzake wa faini. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Na huyu mwenye mimba. Akizaa kabla boma halijafunguliwa, mtoto ni wa nani?"

Wageni wakasema bila shaka wao, kwani atazaliwa kwao. Cucu akasema mama yake ameshapokewa, ni karantini tu inayomshikilia kule, si yeye aliyemkataa. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Msemaji akaangalia viatu vyake, akaona leo si siku yake, akakubali.

Ilibaki kumtafuta bibi harusi. Huwa tunafunikwa leso sisi wasichana kadhaa kutoka kichwani mpaka miguuni, tunasimama mstari mmoja, na bwana harusi anachagua. Akikosea anatozwa faini. Nilikimbia nikafunikwa, simu nikaitia mfukoni. Shemeji akaja akipita polepole. Alipofika mbele yangu akasimama. Nilibana pumzi, nikanyoosha mabega kama Dada, nikaona kweli ananiamini. Akainua mkono.

Ndipo mfuko wangu ukalia, "Meee."

Sikuwa nimekata simu.

Hema lililipuka. Shemeji alirudi hatua nyuma. Mfuko ukalia tena, safari hii kwa uchungu, nadhani ni yule mwenye mimba. Msemaji akampigia kelele kutoka alipokaa, "Mwanangu, huyo wacha. Huyo bado yuko karantini." Shemeji akahama kwangu akaenda mwisho wa mstari, kwa yule ambaye leso yake ilikuwa inatikisika kwa kicheko na ilikuwa imepigwa pasi kuliko zote. Akaifunua. Dada alikuwa na machozi mpaka shingoni, na safari hii hakujifanya ni vitunguu.

Majibu ya maabara yalitoka wiki iliyofuata. Ng'ombe hakuwa na kitu. Daktari alikuja mwenyewe kufungua boma, akaomba kuona kokwa, akapiga nayo picha.

Mbuzi walipoletwa kutoka Kinoru, yule mwenye mimba alishuka kwenye pikapu na mtoto mweusi na mweupe, miguu bado haijui ardhi. Dume wa Gakoromone alikuwepo, amenenepa. Karantini ilikuwa imeshaondolewa, kila mtu alijua, lakini Baba alikuwa getini na koti lake na gunia la dawa, akisema sheria ikizoeleka haina ubaya. Mbuzi wakubwa wakakanyaga mmoja mmoja. Yule mdogo alifika, akanusa gunia, akamwangalia Baba, akaruka juu yake yote akaangukia upande wetu.

Baba aligeuka haraka aone kama kuna mtu ameshuhudia. Nilikuwa juu ya kisiki. Nilisafisha koo, nikatafuta ile sauti ya baraza.